Akaunti Yetu Imebadilika

Ninaishi Lodwar na kazi yangu ni kuandika barua za watu wengine. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo iliponishinda, nikarudi nyumbani Kanamkemer na kompyuta yenye ufa kwenye kioo. Tangu hapo ninaandika chochote kinacholipa: wasifu wa watafuta kazi, mapendekezo ya vikundi vya vijana, makala za tovuti za watu ambao sitawahi kukutana nao. Lakini kinachonilisha zaidi ni barua pepe za biashara. Mfanyabiashara wa Lodwar au Kakuma ananitumia ujumbe wa sauti kwa WhatsApp, kwa Kiswahili chake, na mimi ninaugeuza kuwa Kiingereza cha ofisi. "Mwambie huyo jamaa wa Nairobi mabati yake ya juzi yalikuwa mepesi kama karatasi." Mimi ninaandika kwamba mteja angependa maelezo zaidi kuhusu unene wa mabati aliyopokea. Shilingi 200 kwa barua, 300 kama kuna hesabu ndani.

Kwa hiyo ninaijua sauti ya barua ya biashara. Ninajua maneno yanayomfanya mtu alipe haraka bila kujisikia amesukumwa. Ndiyo maana barua moja niliyosomeshwa mwaka jana ilinikaa rohoni kwa muda mrefu. Ilikuwa barua nzuri. Fupi, yenye adabu, haina kosa hata moja. Mimi ningeitoza 300.

Ilisema hivi, kwa ufupi: mzigo wenu uko tayari, asanteni kwa uvumilivu, akaunti yetu ya kawaida inakaguliwa na wahasibu mwezi huu, kwa hiyo tafadhali lipeni kwenye akaunti ifuatayo, na mtutumie risiti ili gari liondoke Ijumaa.

Shilingi 386,000 zilienda.

*

Sisi Wakenya tunajiona wajanja kwa mambo ya utapeli, na tuna sababu. M-Pesa ilianza Machi 2007, na ujanja wa kuiibia ukafuata. Nani hajawahi kupokea ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwa namba hii"? Nani hajapigiwa na mtu mwenye sauti ya huduma kwa wateja, huku nyuma yake kuna kelele unazoapa ni za Kamiti? Tumezoea hadi tunawatania. Kuna rafiki yangu huongea nao nusu saa nzima, anawauliza leo wamepikiwa nini.

Tumejifunza pia kujikinga. Tunajua Safaricom hupiga kwa 0722 000 000 tu. Tunajua ukituma pesa mahali pasipofaa unapeleka ule ujumbe kwa 456, na namba ya tapeli unaituma kwa 333. Wengine wamebonyeza *100*100# ili laini zao zisibadilishwe na wakala yeyote tu. Hata nyanya yangu, ambaye hajawahi kuingia darasani, husubiri jina litokee ahakikishe ni lenyewe.

Lakini kinga hiyo yote tumeijenga kwenye simu. Ukija kwenye barua pepe, tunakuwa watoto. Hapa kwetu ukisema "saiba" mtu anafikiria duka la kuchapisha karatasi. Huko ndiko watu wengi walikofunguliwa barua pepe yao ya kwanza, siku walipohitaji KRA au eCitizen, na aliyewafungulia ndiye aliyechagua nenosiri. Nimeona daftari la saiba moja, limejaa majina, anwani na manenosiri, limewekwa kando ya mashine ya kutoa nakala kama daftari la maziwa. Mwenye saiba ni mtu mwema. Anasema akiliondoa, kesho watakuja watu ishirini wamesahau.

Biashara nyingi zinaendeshwa hivyo. Anwani moja, inafunguliwa na binamu, karani, na kijana wa saiba. Nenosiri ni jina la duka na mwaka lililofunguliwa.

*

Mwenye hizo 386,000 ni mama mmoja Mkongo, yuko Kakuma. Sitamtaja jina. Alitoka Kivu Kusini na watoto wawili, na sasa anauza vifaa vya sola: paneli, betri, taa, zile redio zinazochajiwa kwa jua. Duka lake ni la mabati, mita chache kutoka barabara ambapo bodaboda hupitia. Mtaji si wake peke yake. Kuna chama cha wanawake tisa, Wakongo, Warundi, wawili wa Sudan Kusini na Waturkana watatu wa Kakuma mjini. Wananunua pamoja kutoka kwa muuzaji wa jumla Nairobi, halafu kila mmoja anauza kwa upande wake.

Wasomaji wa Nairobi wakisikia Kakuma huwa wanafikiria foleni ya chakula. Foleni ipo, na tangu mgao ulipokatwa imekuwa chungu zaidi. Lakini kambi ilianza 1992, na watu hawawezi kukaa miaka zaidi ya 30 bila kuuziana vitu. Mwaka 2018 shirika la IFC, la kundi la Benki ya Dunia, lilitoa utafiti ulioitazama Kakuma kama soko. Lilikadiria uchumi wa pale kuwa dola milioni 56 kwa mwaka, na maduka zaidi ya 2,000. Tangu 2015 Shirika la Chakula Duniani lilikuwa likituma sehemu ya msaada kwa simu, kwa mpango wa Bamba Chakula, na wenye maduka walijifunza biashara ya kidijitali kabla ya wengi wetu mijini. Hawa si watu wasiojua simu.

Tatizo lao ni lingine. Mfanyabiashara wa Lodwar akitilia shaka kampuni ya Nairobi, anapanda basi jioni. Atachoka, atapigwa na vumbi, lakini kesho atasimama mlangoni kwao aone kama kibao kipo. Mkimbizi wa Kakuma anahitaji kibali cha kusafiri. Kibali kina utaratibu wake, kina sababu zinazokubaliwa na zisizokubaliwa, kina kusubiri. Kwa hiyo mama huyu alikuwa amefanya biashara na muuzaji wake kwa miaka miwili bila kumwona uso. Kila kitu kilikuwa simu na barua pepe. Kwake yeye, zile barua ndizo zilizokuwa duka lenyewe.

Na kuna jambo la majina. Ile kinga anayotumia nyanya yangu, ya kusubiri jina litokee, haifanyi kazi sawasawa kambini. Kwa miaka mingi wakimbizi wamehangaika kusajili laini kwa hati walizo nazo, na wengi wametumia laini zilizosajiliwa kwa jina la Mkenya, rafiki au jirani. Unamtumia pesa Mkongo, linatokea jina la Mturkana. Unamlipa Msudani, linatokea jina la Mkikuyu. Hakuna anayeshtuka. Siku ile akaunti mpya ilipokuja na jina la mtu asiyejulikana, mama hakuona ajabu. Maisha yake yote ya pesa Kenya yamepitia majina ya watu wengine.

*

Mimi niliitwa baada ya pesa kwenda. Alitaka nimwandikie muuzaji barua ya kuuliza gari liko wapi. Ijumaa ilikuwa imepita, Jumatatu pia. Alinitumia nenosiri kwa WhatsApp (nilimkataza hapohapo, akacheka kwa uchovu) na nikafungua mazungumzo yote tangu mwanzo.

Nilisoma barua za miaka miwili. Muuzaji wa kweli anaandika vibaya sana. Herufi kubwa kila mahali, "kindly" tatu kwa sentensi moja, bei bila koma. Halafu, katikati ya oda hii ya mwisho, anaanza kuandika vizuri. Nukta ziko mahali pake. Anamwita mama kwa jina kamili. Zamani tulifundishwa kwamba tapeli anajulikana kwa Kiingereza kibovu. Siku hizi yeyote anaweza kuiambia kompyuta imwandikie barua safi, na aliyebaki na makosa ni mtu wa kweli.

Nikatazama anwani. Jina la kampuni lilikuwa na herufi "m". Kwenye zile barua nzuri, mahali pa "m" palikuwa na "r" na "n" zimebanana. Kwenye kioo cha simu, jua la Kakuma likiwa juu, huwezi kuona tofauti. Nilihitaji kuikuza mara tatu, na nilikuwa tayari najua natafuta kitu.

Hivi ndivyo wizi huu unavyofanyika, na inafaa kuelewa kwa sababu hauna haraka kama ule wa simu. Mtu anaingia kwenye kikasha cha barua cha kampuni, mara nyingi kwa nenosiri lililovuja au kwa ukurasa wa uongo ambapo karani amejaza nenosiri mwenyewe. Haibi chochote. Anakaa anasoma. Anajua nani ananunua nini, lini, kwa bei gani, nani huwa anachelewa. Anaweza kuweka amri ndogo ndani ya kikasha ili barua fulani zijifiche au nakala zake ziende kwake. Akiona oda kubwa inakaribia kulipwa, anaingia katikati ya mazungumzo yaleyale, na anwani inayofanana, na ombi dogo tu. Anajua kiasi hadi shilingi ya mwisho, kwa hiyo unamwamini.

Hakuna aliye mkubwa mno kwa hili. Kati ya 2013 na 2015, mtu mmoja wa Lithuania alisajili kampuni yenye jina sawa na Quanta Computer ya Taiwan, akatuma ankara za uongo kwa Google na Facebook, na wakamlipa zaidi ya dola milioni 100. Alihukumiwa miaka mitano jela Desemba 2019. Na yule Hushpuppi tuliyekuwa tukimtazama Instagram na magari yake ya Dubai? Sehemu ya utajiri ule ilitoka kwenye barua kama hizi. Novemba 2022 mahakama ya Marekani ilimfunga zaidi ya miaka 11. Kwenye kesi ya mfanyabiashara wa Qatar aliyetapeliwa akitafuta mkopo wa kujenga shule, waendesha mashtaka walimtaja pia Mkenya. Idara ya FBI inayopokea malalamiko ya mtandao ilihesabu hasara ya dola bilioni 2.9 kwa mwaka 2023 kutokana na wizi wa aina hii peke yake.

Nilimweleza mama haya yote kwa simu. Alinyamaza. Halafu akasema, "Mtoto yangu, lakini ni bo benyewe baliandika. Jina yabo iko pale."

*

Yaliyofuata nitayapitia haraka, kwa sababu hayana mwisho mzuri. Benki ilipopigiwa, pesa ilikuwa imetolewa. Muuzaji alisema hajapokea kitu, kwa hiyo hana mzigo wa kutoa. Nilimwandikia, kwa Kiingereza changu bora kabisa na bila kutoza, kwamba kikasha kilichofunguliwa ni chake. Alijibu kwamba amebadilisha nenosiri na atawapa punguzo la asilimia tano kwenye oda ijayo. Kituo cha polisi kiliandika taarifa na kumpa mama namba ya OB. Akaambiwa akaunti ilifunguliwa Nairobi, huenda akahitajika huko. Kwa kibali gani, na kwa nauli ya nani, hakuambiwa.

Sheria ipo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inataja ulaghai wa kompyuta, inataja kujifanya mtu mwingine mtandaoni. Niliisoma yote usiku mmoja, na ni sheria iliyoandikwa kwa upana. Lakini kati ya ukurasa wake na duka la mabati Kakuma kuna safari ndefu kuliko zile kilomita 120 za kutoka kwangu.

Kati ya zile pesa, 200,000 zilikuwa akiba ya chama. Zilizobaki, 186,000, zilikuwa mkopo kutoka kwa mfanyabiashara Msomali anayewajua. Alisema atasubiri, na amesubiri. Wanawake wawili waliondoka kwenye chama. Mmoja wao alisema, mbele ya wote, kwamba mama alikula na tapeli. Hilo ndilo lililomlaza mama siku nne. Pesa alikuwa amekwisha kuzililia.

*

Nilipoulizwa na wale saba waliobaki wafanye nini, nilianza kwa mambo ya kompyuta, kwa kuwa ndiyo ninayoyajua. Tulibadilisha nenosiri, refu, lisilo jina la duka. Tukaweka uthibitisho wa hatua mbili, ili hata anayejua nenosiri ahitaji pia simu ya mama. Tukakagua kama kuna amri iliyofichwa inayopeleka barua kwingine. Hayo yalichukua dakika arobaini na hayangeokoa ile 386,000, kwa sababu mlango uliofunguliwa haukuwa wao.

Nikamfikiria babu yangu. Mifugo ya Waturkana huwekwa alama ya ukoo, emachar, kwa moto. Nikiwa mdogo niliamini mchungaji anamjua ng'ombe wake kwa hiyo alama. Babu alinicheka. Alama humsaidia mtu asiyemjua huyo ng'ombe, alisema, na mwizi naye ana moto. Mwenye ng'ombe anamjua kwa rangi, kwa pembe, kwa mwendo, na kwa mama yake. Jina la kampuni na nembo yake juu ya barua ni alama. Tapeli naye ana moto.

Kwa hiyo swali likawa: sisi tunamjua muuzaji wetu kwa nini kingine? Kwa sauti, walisema. Kwa ile namba ya kwanza aliyowapigia miaka miwili iliyopita, iliyoandikwa kwa kalamu kwenye daftari la mkopo. Tukaanzia hapo. Akaunti ya kila muuzaji imeandikwa daftarini. Ikibadilika, hailipwi mpaka mmoja wao apige simu, yeye mwenyewe, kwa namba iliyo daftarini, siyo ile iliyo kwenye barua mpya. Malipo yoyote yanayozidi 20,000 yanaonwa na wanawake wawili. Ijumaa baada ya saa tisa hakuna kulipa, kwa sababu wezi wanapenda wikendi. Anayeambiwa na "shirika" alipe ada ili apate zabuni au kazi anaacha hapohapo, maana mashirika ya Umoja wa Mataifa hayatozi ada ya kuomba zabuni wala kazi. Na pesa ikienda vibaya, benki inapigiwa saa hiyohiyo. Aibu itasubiri.

Nilidhani kanuni ngumu itakuwa ile ya wanawake wawili. Kumbe ngumu ilikuwa simu. Sisi tumelelewa kwamba kumuuliza mtu mara ya pili ni kumtukana. Mtu mkubwa akisema, umesikia. Muuzaji akikupa mzigo kwa heshima, unamlipa kwa heshima. Wezi wanaitumia adabu yetu kuliko wanavyotumia kompyuta. Niliona mama akishika simu, anaiweka chini, anaishika tena. Aliogopa kumpigia mtu ambaye kikasha chake ndicho kilichomponza.

Mara ya kwanza alipopiga, yule muuzaji alikasirika kweli. "Mama, kwani huniamini?"

"Weye ninakuamini," akamjibu. "Barua ndio siamini."

*

Mwezi uliopita muuzaji alibadilisha akaunti. Safari hii ni kweli, alihamia benki nyingine. Akaandika barua, na herufi zake kubwa na "kindly" zake tatu. Wanawake waliisoma, wakaitazama anwani herufi kwa herufi, ikawa sawa. Walitaka kulipa. Aliyekuwa na zamu ya daftari, msichana wa Kiturkana mdogo kuliko wote, akasema hapana, mpaka simu.

Muuzaji alikuwa Mombasa kwa mazishi, simu imezimwa. Siku mbili. Siku hizo mbili shule moja ya Kalobeyei iliyokuwa imeagiza betri kumi ilichoka kusubiri, ikanunua kwa duka lingine. Faida ilikuwa kama 9,000, na kwao hiyo ni pesa. Simu ilipopatikana, akaunti ilikuwa halali. Wakalipa.

Nilimpigia mama kumpa pole kwa ile oda ya shule. Nilitarajia kusikia lawama, angalau manung'uniko. Aliniambia yule msichana amepewa daftari alishike moja kwa moja, siyo kwa zamu tena. Halafu akaniuliza kama naweza kumwandikia mwalimu mkuu wa ile shule barua nzuri, ya kumwambia betri sasa zipo. Deni la Msomali limebaki 74,000.